Kutoka Leeds Hadi London ya Nakuru

Nakuru kuna mtaa unaoitwa London. Uko upande wa kupandia Menengai, na kila nikiwaambia Wakenya wa huku Leeds, Uingereza, kwamba likizo nilienda London kushinda na watoto wa shule, wananiuliza kama treni ilikuwa na nafasi.

Dada yangu mkubwa anafundisha Gredi ya 2 katika shule ya serikali upande huo. Mimi huku ni mwalimu msaidizi, darasa la watoto wa miaka mitano na sita. Shule za Uingereza hufungwa Julai ikielekea kwisha, na wakati huo muhula wa pili wa Kenya huwa haujaisha, kwa hivyo nikitua Nakuru namkuta dada angali kazini. Naye hana habari na likizo ya mtu. Sikuwa nimemaliza hata kufungua mizigo aliponigongea mlango alfajiri: "Umelala na kuna madaftari ya kusahihisha? Amka twende, wee si mwalimu?" Nikaenda, na nikaendelea kwenda mpaka shule ikafungwa.

Naandika haya kwa sababu kwenye makundi yetu ya WhatsApp ubishi wa shule hauishi. Wako wanaosema watoto wa nyumbani wanakaririshwa tu, wa huku ndio wanaofundishwa kufikiri. Wako wanaosema wa huku wanacheza mpaka wanafika sekondari bila kujua kuzidisha. Nimekaa ndani ya madarasa yote mawili na siungi mkono upande wowote. Mimi tofauti naiona kwenye idadi ya watu wazima chumbani, basi. Mengine mengi yanatokea hapo.

Uingereza sheria ya mwaka 1998 ilisema darasa la watoto wa miaka mitano hadi saba lisizidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, isipokuwa kwa sababu maalum. Juu ya huyo mwalimu, darasa letu lina mimi. Na usidhani mtu wa pili anakaa bure. Januari, kabla ya watoto kutoka nje kucheza, kuna zipu 30 za kufungwa na glavu 60 za kuvalishwa, na daima inabaki glavu moja isiyo na mwenyewe.

Dada ana watoto zaidi ya 60, peke yake. Wanakaa watatu watatu kwenye dawati, na mmoja akikosa kufika wale wawili wanafurahi kwa sababu viwiko vimepata nafasi. Nakuru ni mji wa mchanganyiko, kwa hivyo dawati moja linaweza kuwa na Mkikuyu, Mkipsigis na Mkisii. Sera inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa eneo lile, na hapo hiyo lugha ni Kiswahili, cha mtaani kikitawala uwanjani na cha kitabuni kikitawala ubaoni. Julai kule kuna baridi ya kweli. Watoto wanaingia na masweta yamevutwa mpaka vidoleni, na dakika za kwanza dada anawasimamisha waruke na kupiga makofi. Mwanzoni nilidhani ni mchezo. Baadaye nikaona anawapasha moto na papo hapo anahesabu nani hayupo.

Makofi ndiyo serikali ya darasa lile. Kuna ya kunyamazisha: mwalimu anapiga matatu, wao wanajibu mawili, kimya. Kuna ya kupongeza: wanasugua viganja kwanza, wanapiga kwa pamoja, kisha wanamrushia mwenzao aliyejibu vizuri, naye anadaka na kujipaka kifuani. Mtoto mwenye haya niliyemwona wiki nzima hainui mkono aliuinua siku moja, nadhani, kwa ajili ya yale makofi tu. Viboko vimekatazwa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema wazi, na wapo bado wanaouliza mwalimu atawezaje watoto 60 bila fimbo. Waende wakaketi nyuma ya darasa la dada.

Kipindi ni dakika 30. Tukianza na kusoma, chati ya manila ukutani ina silabi zake: cha, che, chi, cho, chu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hivyo mtoto akishazishika silabi, mlango umefunguka. Watoto wangu wa Leeds hawana bahati hiyo. Sauti moja ya Kiingereza inaandikwa kwa njia nne, tano, na mwaka mzima unaisha tukizifukuza. Juni wanapimwa: maneno 40, nusu yake ya kubuniwa, hayana maana yoyote, kila moja limechorewa dudu la ajabu pembeni ili mtoto ajue si neno la kweli. Lengo ni kuona kama anasoma herufi ama anabahatisha kutokana na maneno anayoyajua.

Dada alitaka tujaribu. Nikaandika ubaoni "pobuche" na "chamizu", nikawaambia haya ni maneno ya uongo, someni tu. Wakasoma bila kusita. Kisha kijana mmoja wa dawati la dirishani akasimama: "Ticha, hiyo ya kwanza si uongo. Nyanya yangu wa Vihiga anaisema." Nikamuuliza maana yake. Akafikiri kidogo. "Ni kuku."

Lakini mahali pa kukaa muda mrefu ni kwenye duka. Darasa lile lina kona ya hesabu, yenye vifuniko vya soda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa raba, na karibu yake kuna rafu ya mbao yenye pakiti tupu: unga, majani chai, sabuni ya kufulia, chupa za mafuta. Wazazi ndio walioleta. Noti ni karatasi zilizokatwa na kupakwa rangi. Leeds nasi tuna duka la darasani, zuri zaidi, lina na mashine ya kulipia. Mtoto wa Leeds anapitisha pakiti hewani, anasema "bip", ananiuliza kama nina kadi ya pointi, nagusisha kiganja mezani, tumemaliza. Hakuna aliyejumlisha kitu. Wengi wao sarafu ni kitu cha kufundishwa, kwa sababu nyumbani hawaioni.

Nakuru nilimwona msichana wa miaka saba akiuza mafuta ya kupima.

"Nipatie ya ishirini."

"Ya ishirini imeisha. Iko ya thelathini."

"Sasa nikipea thelathini utaniongezea?"

"Niongeze na mimi nitakula nini?"

Mteja wa pili alikuwa hana noti. Akatoa kipande cha katoni mfukoni, akakibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Nimetuma." Mwenye duka akaangalia katoni yake. "Haijaingia." "Imeingia, angalia vizuri." Akaangalia vizuri. "Umeweka na ya kutoa?" Hapo dada, aliyekuwa amejifanya anasahihisha, akaweka kalamu chini na kucheka mpaka machozi.

Wa tatu alinunua vitu vya shilingi 35 na kutoa noti ya 100. Mwenye duka hakuwa na chenji. Hakumwita mwalimu, alichukua ile noti akakimbia dawati la jirani kuivunja, akarudi, akahesabu kwa vifuniko vya soda, akatoa 65. Hiyo ni kutoa kwa kuazima makumi, jambo ambalo mimi hulipangia wiki mbili na michoro. Sisemi duka linatosha. Nasema watoto wale wanakuja shuleni wameshatumwa dukani mara nyingi, na mtaala wa umilisi (CBC), yaani wa kumfundisha mtoto kutenda na si kukariri tu, ulioanza kwenye madarasa haya ya chini mwaka 2019, unapompa mwalimu ruhusa ya kutumia wanachokijua, mwalimu mzuri anajua la kufanya nayo.

Wazazi wanaulalamikia mtaala huo, na wana haki. Mama mmoja anayeuza mboga barabarani alikuja na simu mkononi. Mtoto alitakiwa kuleta picha za wanyama wa nyumbani, na saiba, duka la intaneti na kuchapisha, walimdai pesa ambazo yeye aliziona ni mauzo ya nyanya ya asubuhi nzima. Dada alimwambia mtoto achore. Mwaka 2024 masomo ya madarasa ya chini yalipunguzwa kutoka tisa hadi saba, na dada anasema alipumua, ingawa watoto walibaki walewale 60.

Sasa nije kwenye kile ambacho Leeds wanacho na ningekibeba kwenye begi kama kingeingia. Hela wanazo, ndiyo: tangu 2014 watoto wa miaka mitatu ya kwanza ya shule wanapata chakula cha mchana bure shuleni bila kuulizwa baba anafanya kazi gani. Lakini hicho si ninachokiwaza. Nawaza kiti changu cha korido. Kila siku nakaa pale, mtoto mmoja anakuja na kitabu, ananisomea, namsikiliza. Dakika tano, sita. Naandika kwenye kijitabu chake amefika wapi na wapi amekwama, kijitabu kinaenda nyumbani, jioni mzazi anamsikiliza naye anaandika. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeisifu. Ndiyo inayowafundisha kusoma.

Piga hesabu ya Nakuru. Dakika 30, watoto 60: nusu dakika kila mmoja, na hapo mwalimu hajafundisha kitu. Kwa hivyo wanasoma kwa pamoja. Vitabu vipo, tatizo haliko hapo. Dada anakumbuka jinsi mradi wa Tusome, wa kufundisha watoto kusoma, ulipoanza mwaka 2015 kila mtoto alianza kushika kitabu chake, baada ya miaka ya kugombea kimoja. Shida ni kwamba sauti 60 zinamficha mmoja. Kuna mvulana alikuwa anausoma ukurasa wote kwa sauti safi, anafungua unaofuata kwa wakati wake, kidole kikitembea chini ya mistari. Nikaweka kidole changu kwenye neno moja la katikati, nikamwambia anisomee hilo. Akarudi mwanzo wa ukurasa, akaanza kuukariri kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, mpaka akalifikia. Alikuwa ameuhifadhi wote. Kumbukumbu kama ile wengi wetu hatuna, lakini kusoma alikuwa hajui, na ilikuwa Julai ya Gredi ya 2.

Jioni tukiwa jikoni nilimwambia dada anachohitaji ni watu wa kusikiliza. "Watu wazima utanitolea wapi? Utawatuma kwa barua pepe?" Akaendelea kusonga ugali. Baadaye, akigeuza, akasema kama anajiongelesha: "Lakini wale wa Gredi ya 6 mapumziko ya saa tano wanakimbizana tu."

Wiki iliyofuata walianza. Madaftari ya kurasa 32 yalikatwa nusu kwa wembe yakawa vijitabu. Wakubwa wanakaa verandani, kila mmoja na mdogo wake, siku nne kwa wiki. Masharti ya dada ni machache: usimsomee kabla hajajaribu, usicheke, andika tarehe na ukurasa. Nyumbani anayeweka sahihi si lazima awe mzazi. Kaka, jirani, hata mlinzi wa geti, mradi amesikiliza. Yule mvulana alipewa msichana wa Gredi ya 6 ambaye hakuambiwa chochote kumhusu, na siku ya pili tu alikuwa ameshagundua: anafunika ukurasa kwa kiganja, anaacha neno moja lichungulie katikati ya vidole, na kila siku anachagua jingine.

Niliporudi huku dada amekuwa akinitumia sauti za WhatsApp akiwa kwenye matatu. Mvulana anasoma sentensi fupi sasa, polepole, na hasira nyingi. Kizuizi kipya ni mwalimu wa Gredi ya 6, ambaye anawataka watu wake warudi darasani hata wakati wa mapumziko kwa sababu KPSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya 6, uko mlangoni, na hawezi kulaumiwa. Dada ameshaanza kuwanyemelea wa Gredi ya 5.