Vigawo, vigawe na nambari tasa: tuanze na komwe

Mtoto wa darasa la tano anaweza kukuimbia bila kukosea kuwa nambari tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Muulize 51. Aghalabu atakwambia ni tasa, kwa sababu haimo katika jedwali lolote alilolikariri. Maneno kayashika, nambari hajaziona. Kwa hivyo, kabla ya kuandika maana ubaoni, mpe kitu akipange kwa mikono yake.

Komwe za bao zinafaa sana, na bao moja lina 64. Kila kundi la watoto watatu lipe 24. Zikipungua, ongeza vizibo vya soda. Tandika jamvi, maana juu ya saruji komwe zinaviringika na hesabu inavurugika. Waambie wachukue 12 wapange mstatili: safu zote ziwe sawa, isibaki hata moja. Watapata safu 1 ya 12, safu 2 za sita sita, safu 3 za nne nne. Idadi za pande hizo ndizo vigawo vya 12, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Anayedai kuwa safu 4 za tatu tatu ni mstatili mwengine, mhamishe akae upande wa pili wa jamvi autazame ule wa mwanzo.

Halafu waongeze komwe moja, ziwe 13. Hapa usiwasaidie. Watajaribu tatu tatu, nne nne, sita sita, na kila mara moja inabaki, mpaka waseme wenyewe kuwa haikubali ila safu moja ndefu. Sasa ndipo uwape jina: tasa. Na maana iliyo salama zaidi ni hii: nambari tasa ina vigawo viwili, si zaidi wala pungufu. Ukiieleza hivyo, 1 inatoka bila ya mabishano, kwa sababu kigawo chake ni kimoja tu.

Kwenye daftari, vigawo viandikwe kwa jozi. Kwa 36: 1 × 36, 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9, 6 × 6. Mtoto aende 1, 2, 3, 4, 5, 6 bila kuruka. 5 haigawi, basi aiache aendelee. Anaacha pale nambari ya kushoto inapokutana na ya kulia au kuipita. Wanaokosa vigawo ni wale wanaoandika vinavyowajia kichwani, wakaacha walipochoka. Na 6 iandikwe mara moja tu; vigawo vya 36 ni 9, si 10.

Kutafuta nambari tasa, wengi huchora jedwali la safu wima 10. Mimi napendelea la safu wima 6, kutoka 1 mpaka 60, mistari 10. Wakikata vigawe vya 2, yaani nambari zinazogawanyika kwa 2 (2 yenyewe inabaki), safu ya 4 na ya 6 zinafutika zote. Wakikata vya 3, safu ya tatu inakwisha, isipokuwa 3 juu kabisa. Na 51 imo humo humo, chini ya 45, pamoja na 57. Kilichosalia, ukiacha 2 na 3, kimo katika safu ya kwanza na ya tano: wakate 1, 25, 35, 49 na 55, zibaki tasa 17, pamoja na hizo 2 na 3. Wakiendelea mpaka 100, wajaribu kugawa kwa 2, 3, 5 na 7 tu. 11 × 11 ni 121, imeshapita. Nambari inayowatega wengi huko ni 91, nayo ni 7 × 13.

Vigawe vinataka mchezo wa duara. Watoto wanahesabu kwa zamu: kwenye kigawe cha 3 mtu anapiga kofi, kwenye kigawe cha 4 anapiga mguu chini. Angalia idadi yao. Wakiwa 12, kofi litawaangukia wale wale wanne mpaka mwisho, na wengine watasinzia. Ingia wewe muwe 13. Mkifika 60 kila mmoja keshapiga kofi na mguu. Kofi na mguu vinakutana kwenye 12, 24, 36, 48 na 60, na hiyo 12 ndiyo kigawe kidogo cha shirika.

Kisha badilisha, iwe 4 na 6. Wengi watasubiri 24, kwa mazoea ya kuzidisha, kumbe vinakutana kwenye 12, kwa kuwa zote mbili zina kigawo 2. Waulize 6 na 8 kabla hawajacheza, kila mmoja aandike jibu lake, ndipo mhesabu.