Hamsini na saba toa saba

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tatu angeimaliza. Mbio za magari za Formula 1 za Qatar, mwaka 2025, zilikuwa mizunguko 57. Pirelli, watengenezaji wa tairi, kwa kuhofia usalama, waliweka sharti mwaka huo kwamba seti moja ya tairi isizidi mizunguko 25. Mzunguko wa 7 madereva Hülkenberg na Gasly wakagusana, gari la usalama likatoka. Hamsini na saba toa saba, hamsini. Hamsini ni ishirini na tano mara mbili. Ukiingia piti, yaani kituo cha kubadili tairi, pale pale, wakati wenzako wanajikokota nyuma ya gari la usalama, unabadili tairi kwa bei ya bure, kisha unabakiwa na kusimama mara moja tu. Wakaingia wote, ukiondoa gari la Haas la Ocon na magari mawili ya timu ya McLaren. Piastri wa McLaren aliyekuwa akiongoza hakuingia, na Norris mwenzake, wa tatu, hakuingia. Verstappen wa Red Bull, mpinzani wao wa ubingwa, aliyekuwa katikati yao akaingia, na mbio zikaamuliwa hapo: alishinda yeye.

Sisi watu wa pwani tuliotawanyika hapa Doha tuna desturi ya kukusanyika mtaa wa Mansoura kwa mjomba kutazama mbio. Si mjomba wa damu, ni mzee wa Kisauni tu, lakini kwa umri wake hakuna amwitaye vingine. Uwanja wa mbio wa Lusail si mbali, ila tikiti zake na mshahara wangu hazijuani. Jumapili huku ni siku ya kazi, na mbio zilianza saa moja usiku, kwa hiyo wengine tulifika na sare zetu. Mimi na harufu ya stoo ya hoteli.

Mjomba aliruka kitini. Kwake jambo lilikuwa wazi: McLaren wamemchimbia Piastri, kijana wa Australia, ili wampendelee Norris, Mwingereza mwenzao. Wangeingia wote wawili, gari la nyuma lingesubiri la mbele litoke, na wa nyuma alikuwa Norris. Basi bora waumie wote. Dada mmoja wa Tanga, anayesuka nywele karibu na hapo, naye akamgeuzia kibao Piastri mwenyewe. Mpole mno, anasema. Max Verstappen angejiingilia bila kuuliza mtu.

Sikubaliani na yeyote kati yao, na nilisema, ingawa kwa mjomba mtu husema kwa adabu na baada ya kumjazia kikombe.

Kwanza huo upole. Kwenye mbio za Monza, Italia, mwezi wa Septemba, Norris alicheleweshwa na mafundi kwenye kubadili tairi, Piastri akajikuta mbele yake, na timu ikamwamuru arudishe nafasi ya pili. Alijibu kwamba kucheleweshwa piti ni sehemu ya mbio, haoni kipya kilichobadilika, lakini wakitaka atafanya. Akafanya. Dada anaona udhaifu hapo. Mimi naona mtu aliyesema pingamizi lake likasikika dunia nzima, kisha akafanya kazi anayolipwa. Sasa mlinganishe na Verstappen wa Hungary 2024: alimgombeza mhandisi wake Lambiase karibu mbio nzima, akamgonga Hamilton, akamaliza wa tano, na Lambiase mwenyewe akamwambia redioni kwamba hayo ni mambo ya kitoto. Siku ile, katika sebule hii hii, nilisikia kwamba Max ana moyo wa simba! Kwa hiyo anayefoka ni simba na anayenyamaza ni kondoo, hata matokeo yaseme nini. Na sauti zenyewe tunazosikia ni vipande vilivyochaguliwa na watangazaji. Hatujui saa nzima iliyobaki wanaongea nini.

Ama timu, hilo ni kosa, na sina haja ya kulipaka rangi. Andrea Stella, mkuu wa McLaren, alieleza kwamba hawakutarajia magari yote yaingie. Kawaida ningemwelewa. Anayeongoza ndiye anayeamua mwanzo, na walio nyuma wana nafasi ya kufanya kinyume chake. Lakini hiyo ni pale kila mtu ana hesabu yake. Siku ile sharti la Pirelli liliwapa wote hesabu moja. Ninavyoona mimi (na hii ni dhana yangu tu), timu iliyokaa mwaka mzima ikipima haki kati ya madereva wawili kwa mizani ya dhahabu, ikiletewa uamuzi wa sekunde chache, huanza kujiuliza nani ataumia kabla ya kujiuliza tutashinda vipi. Hapo mjomba ana chembe ya ukweli. Ila kutoka hapo hadi njama ni mbali. Norris naye alimaliza wa nne, jamani. Njama gani hiyo inayomkata mpendwa wako?

Lililoniudhi zaidi ni la Antonelli, dereva wa Mercedes, siku hiyo hiyo ya Qatar. Zikibaki dakika chache alikuwa wa nne, gari likamteleza, Norris akapita. Lambiase akamwambia Max redioni kwamba inaonekana kijana amempisha. Helmut Marko, mshauri wa Red Bull wakati huo, akaongeza la kwake. Basi! Kijana wa miaka 19 akamwagiwa matusi na vitisho vya kuuawa, hadi Red Bull wenyewe siku ya pili wakatoa taarifa ya kusikitika, wakikiri kwamba picha za marudio zinaonyesha gari lilimponyoka. Na sebuleni kwetu neno "kanunuliwa" lilishatamkwa, tena na mtu mzima anayeswali safu ya mbele. Niliuliza swali moja tu: Mercedes walikuwa wanagombea nafasi ya pili kwenye msimamo wa timu na hao hao Red Bull. Pointi mbili wazitupe kwa faida gani? Hakuna aliyenijibu. Mtu akaulizia maandazi.

Pointi mbili hizo lakini zilikuja kuwa nzito. Wiki iliyofuata Abu Dhabi, Verstappen alishinda, Piastri wa pili, Norris wa tatu. Jumla ya pointi za msimu: Norris 423, Verstappen 421, Piastri 410. Nafasi ya nne Qatar inalipa 12, ya tano 10. Antonelli asingeteleza, na mengine yote yakabaki vile vile, wangelingana 421, na taji la ubingwa lingekwenda kwa Verstappen kwa ushindi wa mbio nane dhidi ya saba za Norris. Nimempigia mjomba hesabu hiyo kwenye karatasi ya risiti. Ameisoma mara mbili, ameikunja akaitia mfukoni, na anasema hiyo ndiyo hati yake ya ushahidi.