Nilidhani kuna boti

Wiki ya tatu sasa mimi na mume wangu hapa Rotterdam tunabishana kuhusu safari ya Curaçao, kisiwa cha Karibi. Mimi mtoto wa Tanga nilishapanga kichwani: siku nne Aruba, kisiwa cha jirani, halafu asubuhi tunapanda boti kama ile ya Dar na Zanzibar, mchana tuko Willemstad, mji mkuu wa Curaçao. Kumbe hakuna boti ya abiria, ni ndege tu! Bajeti ikakataa hapo hapo, Aruba tukaifuta.

Sasa mzee anataka fukwe tu, basi. Mimi nataka lile daraja la Queen Emma la mwaka 1888, linaloelea juu ya maji. Meli ikitaka kupita, kengele inalia na daraja zima linajisogeza pembeni kama mlango wa geti. Ng'ambo yake kuna zile nyumba za Handelskade, za njano, bluu na waridi. Mapaa ni ya Kiholanzi kabisa, ila jua siyo la huku, alhamdulillahi.

Tumepatana sehemu moja: Kenepa. Yeye atapata maji yake ya samawati, mimi jumba la shamba. Hapo ndipo Tula alipoanzisha uasi wa watumwa, tarehe 17 Agosti 1795. Oktoba wakoloni wa Kiholanzi wakamuua. Ufukweni nitashuka, ila baada ya kuliona jumba, siyo kabla.

Kipapiamentu, lugha ya huko, nimeshaanza: bon dia, danki. Aliyewahi kufika, niambieni, gari la kukodi ni lazima?