Nilivyokata rufaa michoro ya Ngamiani ikarudi kwenye mchezo

Picha za michoro mitatu ya ukutani, yote ya Ngamiani, Tanga, zilifutwa kwa mkupuo mmoja kwenye mchezo wa simu tunaoucheza. Maelezo yaliyokuja yalikuwa ya mstari mmoja: picha si ya mahali halisi, imetoka kwenye chanzo kingine. Yaani aliyeikagua aliona mhusika wa anime, zile katuni za Kijapani, akadhani nimeokota picha mtandaoni nikaibandika kwenye ramani.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa kutembea. Simu inatumia GPS kujua umesimama wapi, na ili upate vifaa au pointi lazima miguu ikufikishe kwenye kituo. Vituo vinapendekezwa na wachezaji wenyewe: unapiga picha, unaandika jina na maelezo, unaweka alama kwenye ramani, kisha wachezaji wengine, wengi wao wa nchi za mbali, wanakagua na kuamua. Sanaa ya mitaani inakubalika, ilimradi ni ya kudumu, mtu anaweza kuifikia kwa miguu bila hatari, na haipo shuleni wala kwenye makazi ya mtu binafsi.

Ukifungua ramani ya Tanga ndani ya mchezo utaelewa kwa nini jambo hili liliniuma. Upande wa mjini, karibu na bahari, vituo vimejaa: Mnara wa Saa, bustani ya Jamhuri, jumba la makumbusho la Urithi lililokuwa boma la Wajerumani, makaburi ya askari waliokufa kwenye mapigano ya Novemba 1914. Ukivuka reli kuingia Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, ramani ilikuwa nyeupe. Huku ndiko watu wanakoishi, wanakopika, wanakocheza bao mpaka usiku. Ramani iliyotambua kaburi la mgeni ilikuwa haijatambua hata ukuta mmoja wa wenyeji. Michoro ile mitatu ilikuwa vituo vyetu vya kwanza upande huu, na vijana walikuwa wameanza kuja jioni kwa baiskeli kukutana hapo.

Michoro yenyewe imetoka kwenye mkono wa mtu mmoja, bwana ambaye riziki yake hasa ni kuandika vibao vya maduka na kupamba bajaji. Anime ameikulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Lakini hakunakili. Kwenye ukuta wa kinyozi amemchora kijana mwenye nywele zilizosimama kama miiba, amejifunga kikoi, anaendesha baiskeli ya Phoenix yenye karia, na nyuma yake Mnara wa Saa. Kwenye ukuta wa kibanda umiza yupo binti mwenye upanga, bega moja limefunikwa kanga. Wa tatu uko kwenye baraza ya kahawa: paka mkubwa mwenye macho ya duara, ameshika kikombe kidogo cha kahawa, na kashata iko pembeni.

Kabla sijaandika rufaa nilikaa na ile sababu waliyonipa nikaisoma kama wakili anavyosoma hati ya mashitaka. Hawakusema anime hairuhusiwi. Walisema mahali si halisi. Kwa hiyo kutetea anime kusingenisaidia chochote. Nilitakiwa kuthibitisha ukuta. Nimewaona wachezaji wengi wakipoteza rufaa hapa hapa: wanaandika kurasa za malalamiko kwamba wanaonewa, ilhali swali waliloulizwa ni jingine kabisa.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba picha ya satelaiti haionyeshi ukuta. Ukiivuta Ngamiani unaona paa za bati, basi. Mkaguzi aliyeko Osaka au Berlin hana njia ya kujua kilichopo chini ya paa lile. Nikarudi asubuhi, jua likiwa bado limeinama, na kila mchoro nikaupiga kwa namna tatu: kwa mbali, barabara na jirani waonekane, kwa umbali wa kawaida, mchoro wote, kisha kwa karibu sana, mpaka mipasuko ya plasta na michirizi ya brashi ionekane. Nikapiga pia picha ya kuzunguka pande zote, nikaiweka kwenye ramani ya umma ili yeyote aweze kusimama pale kwa macho. Nilisubiri mtaa utulie, sura za watu na namba za bajaji zisiingie.

Ule mchoro wa binti ndio ulionipa ushahidi mtamu kuliko yote. Kwenye ukuta ule kuna mita ya LUKU. Mchoraji hakuikwepa: amekunja mkono wa kushoto wa binti ukaizunguka, vidole vitano vimechorwa pembeni mwa boksi, ikaonekana kama amebeba kijisanduku cha hazina. Ukisogea unaona kidole gumba kimepakwa mpaka juu ya plastiki ya mita, na rangi imeganda kwenye skrubu. Hakuna picha duniani iliyotoka studio ikiwa imeshika mita ya umeme ya ukuta wa Ngamiani. Niliiweka ya kwanza kwenye kiambatisho.

Mchoraji naye alikuwa na kitu. Nilipomfuata kijiweni kwake alitoa simu, akanionyesha picha ya siku aliyokuwa akichora: ngazi imeegemezwa, nusu ya kijana wa baiskeli ina rangi, nusu bado ni mistari ya mkaa. Nikamwomba, "Kaka, usinirushie WhatsApp kama picha. Itume kama dokumenti." WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kufuta taarifa zilizomo ndani, yaani tarehe, saa na mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama dokumenti hufika nzima. Taarifa zile zilionyesha takribani 5.07 kusini na 39.10 mashariki, na mahali hapo ni Tanga, si kwingine.

Maandishi ya rufaa niliyafanya mafupi, na kila mchoro nikaukatia rufaa yake peke yake, maana wakikataa mmoja ndani ya kifurushi, wote wanazama. Niliandika Kiswahili, chini yake Kiingereza chepesi. Muundo ulikuwa huu: mlisema picha imetoka kwingine, hii ni rangi ya mafuta kwenye plasta, imepakwa kwa mkono na fundi wa hapa, huu ni ushahidi, mtu anafika kwa miguu kutoka barabarani, watu hukutana hapa. Nikaongeza sentensi moja kuhusu Japani kwenyewe: katika mji wa Sakaiminato kuna barabara yenye sanamu zaidi ya 170 za shaba, nyingi za viumbe alivyovichora mchora katuni Mizuki Shigeru, na hakuna anayesema barabara ile si mahali halisi. Kiumbe cha kubuni kikishasimamishwa mtaani, kinakuwa sehemu ya mtaa.

Kuna rafiki yangu alinisihi niingize na picha ya bajaji iliyopambwa na mchoraji huyo huyo, kazi nzuri mno. Nilikataa. Bajaji inatembea, leo iko Chumbageni kesho Raskazone, na kuiweka kungewapa wakaguzi sababu ya kushuku na zilizo halali.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Binti wa LUKU alirudi wa kwanza, kijana wa Phoenix akafuata. Nilipomwonyesha mchoraji, alitazama kimya kidogo halafu akaniuliza kama inaweza kusomeka kwamba ni kazi ya mtu wa Tanga. Nikabadilisha maelezo siku ile ile, yakakubaliwa.

Paka wa kahawa alikataliwa tena, safari hii kwa sababu nyingine: ukuta ni wa nyumba ya mtu. Hapa ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Ni kweli ndani kunaishi familia. Lakini nyumba ya Kiswahili ina baraza, na baraza ile iko nje ya mlango, inatazama barabara, na anayekaa haombi ruhusa. Muuza kahawa anaweka dele lake pale kila jioni, wazee wanacheza dhumna, mpita njia anasalimia na kuketi. Ukipima kwa macho ya mtu aliyezoea nyumba zenye uzio na geti, ile ni faragha. Kwetu, faragha inaanza ukumbini.

Nilikwenda kumweleza mwenye nyumba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo tena waja kupiga picha ukuta?"

"Hapana, babu. Wamekataa. Wanasema hapa ni nyumbani kwa mtu, watu wasije kukusumbua."

Akageuka kuwatazama wenzake waliojaza baraza, vikombe mikononi. "Na hawa wote mimi niliwaalika lini?"

Neno lake hilo, kwa ridhaa yake, limo kwenye pendekezo jipya ninaloliandaa. Simpeleki tena paka. Naipeleka baraza yenyewe kama mahali pa kukutania: picha ya mabenchi, dele na jiko la mkaa, ubao wa dhumna, na barua ya babu kwamba baraza iko wazi kwa kila mtu tangu alasiri mpaka baada ya isha. Paka ataonekana nyuma. Mchoraji ameshaniambia anataka kumpaka rangi upya masika yakipita, kwa kuwa chumvi ya bahari imeanza kumla masikio, hivyo picha nitaipiga akishamaliza.