Redio ya siasa Nairobi: msirudi mkitafuta mliyoiacha

Wenzangu mlio Dallas, Doha na Minneapolis mnaohesabu miezi ya kurudi Nairobi, jiandaeni. Masafa yako palepale, milingoti bado imesimama Limuru, na baadhi ya sauti ni zilezile, zimezeeka tu kidogo. Iliyotoweka ni ile saa ya baada ya taarifa ya saa moja asubuhi, mbunge alipoketi studioni na msikilizaji wa Kayole akambana hadi akaomba maji. Mtaambiwa imeuliwa na serikali. Serikali ina mkono wake, nitaufikia. Lakini kilichoila saa hiyo zaidi ni kamari.

Chukueni saa moja ya kawaida mwipige hesabu, si ya stesheni fulani, ni mfano tu. Taarifa ya habari dakika 6. Michezo 3. Hali ya barabara mara mbili, 4. Matangazo ya sabuni, benki na saruji 10. Hapo zimekwenda 23. Sasa ingizeni bahati nasibu: mtangazaji anahimiza watu watume pesa kila baada ya dakika kumi, dakika 2 kila mara, jumla 12. Kisha anawapigia simu washindi wawili hewani, wanapiga mayowe, wanaulizwa pesa watazifanyia nini, wanamshukuru Mungu na stesheni: dakika 6. Jumla 41. Siasa inabaki na dakika 19, tena si mfululizo. Ni vipande vya dakika tatu tatu. Mgeni mjanja akishajua hivyo haogopi swali lolote. Anasalimia wapiga kura wake kata kwa kata, anamshukuru mwenyekiti, anaanza "swali lako ni zuri sana," na hapo kengele ya bahati nasibu inalia. Akirudi hewani, swali limekufa.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitalirudia. Ile redio ya marehemu Waweru Mburu, aliyefungua Yaliyotendeka kwenye Radio Citizen asubuhi na nchi nzima ikanyamaza kumsikiliza, ilitegemea muda usiokatwa. Hoja ya ufisadi wa ardhi haielezeki kwa dakika tatu. Inahitaji nambari ya kiwanja, jina la kampuni, nani alitia saini, na msikilizaji anayekaa jirani na hicho kiwanja. Mpe dakika kumi na mbili zisizo na kengele, waziri atatoa jasho. Mpe tatu, atatoa salamu.

Stesheni hukubali kwa sababu ya pesa, na njia yenyewe ni rahisi. Kuna nambari ya Paybill, msikilizaji anatuma kiasi kidogo kwa M-Pesa, anajibiwa kwa ujumbe unaomsihi atume tena. Mapato mara nyingi hugawanywa kati ya stesheni na kampuni inayoendesha mchezo, na pesa huonekana siku ileile. Linganisheni na tangazo la kampuni, linalolipwa baada ya miezi mitatu, na la serikali, linalolipwa mkubwa akipenda. Tangu matangazo ya serikali yapitishwe kwenye wakala mmoja mwaka 2015, madeni kwa vyombo vya habari yamekuwa wimbo wa kila mwaka. Machi 2024 ikatoka barua ya katibu wa wizara ikiagiza taasisi za serikali zipeleke matangazo yao KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Meneja aliyekuwa akisubiri deni la miaka miwili akaona hata deni jipya hatalipata. Unadhani angefunga mlango wa kamari?

Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Masharti mapya yakafuata, na Agosti mwaka huohuo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini. Wengi walishangilia, nami nawaelewa. Ila ukiondoa pesa hizo bila kulipa madeni yale, meneja hupunguza watu, na wa kwanza kuondoka ni produsa wa kipindi cha siasa. Mtangazaji husalimika kwa kuwa ndiye sauti. Produsa ndiye aliyekuwa anapekua ripoti ya Mkaguzi Mkuu usiku, anatafuta wageni wawili wanaopingana kweli, anachuja simu. Asipokuwepo, anaalikwa yeyote aliye karibu na studio, na kila mtu anakubaliana na mwenzake.

Bili nazo hazikupungua. Mtambo wa FM wa kilowati 5 hula umeme wa kilowati 7 hadi 8, yaani takriban yuniti 180 kwa siku, kabla hujapoza chumba chake. Umeme ukikatika, ni jenereta na dizeli. Ada ya masafa hulipwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano hata mwaka wa hasara. Na kuna jambo ambalo wasikilizaji hawalijui: sauti hutoka studioni hadi Limuru kwa mawimbi yanayohitaji njia iliyo wazi. Ghorofa jipya likiota katikati, Westlands kwa mfano, sauti huanza kukwaruza, hasa mvua ikinyesha. Utapandisha antena juu zaidi, au uhamie kwenye nyaya za faiba, ambazo nazo hukatwa na wachimbaji wa barabara. Kwa hiyo mkisikia kituo kimenyamaza katikati ya mahojiano, msikimbilie kusema kimezimwa na wakubwa. Mara nyingi ni trekta.

Mara nyingine lakini ni wakubwa kweli. Januari 2018 walizima televisheni. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, mamlaka iliagiza redio na televisheni zisirushe maandamano moja kwa moja, na mahakama ikasimamisha agizo hilo. Kuna pia woga wa zamani zaidi. Mtangazaji wa Kass FM alishtakiwa The Hague kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kesi ikaisha Aprili 2016. Sheria ya mawasiliano ya 2013 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 20 kwa chombo na laki tano kwa mwanahabari. Kwa kiwango hicho, msikilizaji mmoja mwenye mafumbo ya kikabila anaweza kuangusha stesheni ndogo.

Dawa yake ipo, haijawahi kuwa siri: mashine ya kuchelewesha sauti. Unachosema kinatoka hewani baada ya sekunde 7 hadi 10, na tusi likipita, mtu anabonyeza kitufe, linafutwa. Udhaifu wake ni kwamba ukibonyeza mara mbili haraka akiba inaisha, na lazima uweke wimbo au tangazo hadi ijijenge upya. Inahitaji mtu macho kwenye kitufe muda wote. Huyo ndiye produsa aliyefutwa.

Kwa hiyo simu za moja kwa moja zimepungua, na badala yake ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Unasikilizwa kwanza, unakatwa, unarushwa. Ni salama na hauna gharama, lakini hauna swali la pili. Waziri akidanganya, aliyeuliza hayupo kumwambia "si kweli, mimi ninaishi hapo." Waliolipwa nao wanaupenda mno: maneno yaleyale, simu kumi tofauti. Ukisikia watu watatu wakimsifu gavana kwa sentensi iliyofanana mpaka kikohozi, umeelewa.

Vijana hawakungoja. Wakati wa Mswada wa Fedha 2024 mabishano yalihamia kwenye Spaces za X, yaani mijadala ya sauti ya moja kwa moja mtandaoni, na Julai 5 mwaka huo Rais mwenyewe aliingia humo kujibu. Fikirieni: Rais akitafuta pa kubanwa, haendi redioni.

Kwa wanaotaka bado. Mkipiga simu, zimeni redio kabla ya kuunganishwa, la sivyo mtajisikia wenyewe sekunde kadhaa nyuma na mtababaika. Hoja iwe ndani ya sekunde ishirini, na swali mbele ya salamu. Mkialikwa kama wageni, ulizeni kwa maandishi mna dakika ngapi mfululizo, na kama kuna bahati nasibu katikati. Na wewe mwenye akiba ya dola unayetaka kufungua stesheni yako Nairobi: masafa ya FM jijini yamejaa zamani, utanunua au kukodi ya mwingine pamoja na madeni yake. Kabla hujatia saini, omba risiti za ada ya masafa, bili za umeme za mwaka mzima, na mkataba wa kamari. Huo wa mwisho watauficha. Usiondoke bila kuuona.