Hatimaye imewaka!

Jamani, imewaka!

Tangu asubuhi nahangaika kuwasha programu moja ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) kwenye kompyuta yangu, nipate kurekebisha hitilafu niliyoiona. Kushusha msimbo kwa Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, dakika mbili. Kunakili faili la mfano wa mipangilio, .env.example, liwe .env, sawa.

Hifadhidata ikagoma.

Kila nikijaribu, ujumbe uleule: poti 5432, yaani mlango wa mawasiliano wa hifadhidata, inatumika. Kumbe PostgreSQL, programu ya hifadhidata niliyoiweka zamani, bado inaendelea chinichini, imeikalia!

Kwenye namba ya poti nikafuta 2 ya mwisho, nikaandika 3. Basi. 5433.

Nikafungua localhost:3000, anwani ya programu kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Ukurasa mtupu, mtupu… kisha kisanduku cha kuingilia kikatokea. Sikukigusa kwanza. Nilikitazama tu, moyo mweupe pe.

Wenzangu, ninyi huwa mnakwama wapi?