Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na maganda ya parachichi

Saa 1 asubuhi nimeshavaa koti la maabara na glavu. Maparachichi ya aina ya Fuerte upande huu, ya Hass upande ule, yote bado magumu, hayana hata doa. Lakini kuvu wa chule, ugonjwa wa madoa meusi, aliingia tangu tunda likiwa mtini. Amejibanza ndani ya ganda, anangoja.

Saa 2 hadi saa 4 namenya, nagandisha maganda kwa naitrojeni kimiminika, nasaga.

Wapitao mlangoni husema nalipwa kumenya maparachichi. Inaniuma, maana ganda hilo ndilo ngome. Tunda bichi lina dayini, kemikali ya jamii ya mafuta inayomzuia kuvu asikue. Humo humo kuna kimeng'enya, lipoksijenesi, ambacho kikiachiwa huiharibu dayini. Kinachokizuia ni epikatekini. Tunda likianza kuiva epikatekini hupungua, kimeng'enya kinapata nafasi, dayini inashuka, na kuvu aliyelala muda wote huo anaamka. Ndiyo maana mtu hununua tunda safi, siku chache baadaye akakuta madoa meusi, akamlaumu muuzaji. Fuerte hushikwa na chule upesi kuliko Hass. Mimi napima ulinzi huo unavyopungua siku kwa siku, aina kwa aina.

Saa 5 sampuli zinaingia kwenye mashine ya kupima kemikali. Ya sita tu, presha ikapanda. Nikazima. Mafuta ya parachichi hayo, nikajua, yameziba mrija unaotenganisha kemikali. Nikauosha polepole, kwa sababu ukiulazimisha unaharibika. Presha ikashuka. Nikaweka sampuli, ikapanda tena. Nikaosha tena. Mchana ukapita sijala, miguu inawaka, na huwezi kuondoka maana lazima uitazame ile namba. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi nilipofungua kichujio kidogo kilicho kabla ya mrija, nikakikuta kimejaa utando wa mafuta. Mrija wenyewe ulikuwa mzima! Nikabadilisha kichujio, nikarudia sampuli zote sita, kwa kuwa namba nisiyoiamini siiandiki.

Mchoro wa mwisho umetoka giza limeshaingia. Kilele cha dayini, kinachoonyesha wingi wake, cha Fuerte ngumu kimesimama wima; cha Fuerte iliyolainika kimebaki kama kichuguu. Nimezitazama karatasi hizo mbili kwa muda mrefu kabla ya kuzima taa. Kesho ni zamu ya Hass.